Fuata Mzigo: Nilivyozifahamu Njia za Porini Kuzunguka Lubumbashi

Lubumbashi, mji mkubwa wa Katanga kusini-mashariki mwa Congo, inalishwa na njia ambazo hazimo katika ramani nyingi. Simama alfajiri kando ya barabara ya Kasenga, pale nyumba zinapoanza kuachana, utaona ninachokisema. Zinakuja kinga, yaani baiskeli, zilizobebeshwa magunia ya makala, ndiyo makaa ya kupikia, hadi mwenye baiskeli haonekani. Haipandi, anaisukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye gongo alilolifunga nyuma ya tandiko. Yanakuja malori ya mahindi, na juu ya mahindi wamekaa abiria. Zinakuja pikipiki zenye vikapu vya samaki wakavu. Hakuna hata mzigo mmoja uliozaliwa kwenye lami. Kila mmoja umetoka kijijini, mtoni au msituni, na kati ya huko na lami pana njia iliyoupitisha.

Mimi nilihamia hapa kutoka Bukavu kwa ajili ya kazi. Nikanunua Land Cruiser kuukuu, ile yenye injini ya dizeli ya lita 4.2 ambayo mafundi wa Congo wanaifungua na kuifunga bila kuuliza mtu, kwa sababu kuendesha porini ndiyo furaha niliyokua nayo na sikutaka kuiacha Kivu. Nimekutana na wengine waliohamia Katanga na gari zuri la porini, wakakaa mwaka mzima wakizunguka kati ya mjini, Likasi na Kasumbalesa mpakani na Zambia, wakisema huku hakuna pa kwenda. Pa kwenda papo pengi mno. Ninawaandikia hao, na yeyote anayefika eneo jipya akiwa na gari lenye nguvu na hajui aanzie wapi.

Kwanza ardhi yenyewe, maana ndiyo inayomchanganya mtu wa milimani. Kule kwetu Bukavu mlima unakuonyesha njia. Ukiwa kwenye mteremko wa Ngomo ukielekea Kamanyola na Uvira, unaiona barabara chini yako, kona baada ya kona, na lori linalopanda unaliona mapema kabla hamjakutana. Hatari yako ni mwinuko na matope yanayoteleza kuelekea korongoni. Hapa Lubumbashi tupo kwenye uwanda wa juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na ukitoka mji unaingia msitu wa miombo uliotanda juu ya ardhi iliyo karibu bapa kabisa. Miti haina urefu wa kutisha, lakini inatosha kukuziba macho kila upande. Hakuna mlima wa kukuambia kaskazini ni wapi. Unaendesha saa nzima na kila kipande cha njia kinafanana na kile ulichokiacha.

Kuna kitu kimoja kinachosimama juu ya huo ubapa: vichuguu. Mtu ambaye hajafika Katanga akisikia kichuguu anafikiria kitu cha kufika kiunoni. Vya huku, vilivyojengwa na mchwa wakubwa ambao wataalamu wanawaita Macrotermes falciger, vinafika mpaka mita 8 kwenda juu, na upana wake unazidi nyumba. Miti inaota juu yake, watu wanalima mahindi pembeni yake, na udongo wake ndio unaofyatuliwa matofali yaliyojenga sehemu kubwa ya mitaa yetu. Njia za porini hazivikati, zinavizunguka. Ndiyo maana njia ya Katanga inapinda hata mahali pasipo na sababu ya kupinda. Nikipotewa na mwelekeo, nasimamisha gari, napanda kichuguu, naangalia. Ninachotafuta kutoka pale juu ni ukanda wa nyasi uliokatiza msitu.

Ukanda huo ni dembo, na asiyeielewa dembo hataielewa njia hata moja ya huku. Ni bonde pana, bapa, lisilo na miti, lenye nyasi na udongo mweusi. Maji ya mvua yanakusanyika humo polepole na kutoka polepole. Hapo ndipo mito mingi inapoanzia. Kusini mwetu, kufuata mpaka wa Zambia, ndipo ardhi inapogawa maji: upande mmoja yanaelekea Zambezi, upande mwingine yanaingia Lufira, Luapula na Lualaba mpaka mto Congo. Kwa hiyo tumezungukwa na vichwa vya mito, na kila kichwa cha mto ni dembo. Wakati wa kiangazi dembo inakauka, inapasuka, na gari linaikata katikati bila shida. Mvua ikishanyesha wiki kadhaa, udongo uleule unashika gurudumu na kulinywa hadi ekseli. Wenyeji wanalijua hilo tangu zamani, na ukiangalia vizuri utaona mahali pengi pana njia mbili: ya kiangazi inayokata dembo kwa mkato, na ya mvua inayopanda kuzunguka kichwa chake juu msituni, ndefu lakini kavu. Kwenye picha za setilaiti zinaonekana zote mbili. Ya mkato inavutia jicho kwa sababu iko waziwazi kwenye nyasi. Ile ya msituni imefichwa na miti, na kuanzia Desemba mpaka Machi ndiyo pekee inayofaa.

Elimu kubwa kuliko zote niliipata kwa jirani yetu, papa mmoja, yaani mzee, aliyeendesha malori ya mizigo miaka mingi kabla ya macho yake kuanza kudhoofika. Nilimpelekea simu yangu nikamwonyesha mistari niliyoiona upande wa kaskazini, nikamuuliza kama kuna njia pale.

"Mama, njia ziko mingi," akaniambia. "Usiulize kama njia iko. Uliza kule wanatoshaka nini."

Wanatoa nini huko. Nilikaa na swali hilo siku nyingi, na tangu hapo ndilo ninalolitumia kuipima kila njia. Kama wanatoa makala, njia ilikatwa na malori, ni pana, na itaishi mpaka miti iishe. Kama wanatoa mahindi, njia ni ya tangu Aprili mpaka Septemba, kisha inaachwa. Kama wanatoa samaki, njia inapita mwaka mzima hata kwa shida, kwa sababu samaki hasubiri, na aliyemnunua atahakikisha daraja linarekebishwa. Na kama hawatoi chochote, basi mstari unaouona kwenye simu huenda ni njia ya watu wa miguu, au ni njia iliyokufa zamani.

Kwa hiyo nilianzia sokoni. Mama anayeniuzia samaki anapata mzigo wake kutoka Kasenga, kwenye mto Luapula, mpakani na Zambia. Barabara inayokwenda huko ni ya Taifa namba 5, na mimi mtu wa Bukavu namba hiyo inanigusa moyo, maana ndiyo barabara ileile inayoteremka kutoka Bukavu kwenda Uvira. Inapitia pwani ya Tanganyika na Kalemie, na mwisho wake wa kusini ndio huu. Ikifika Kasomeno inagawanyika: ukikata kulia unaenda Kasenga, ukiendelea unaelekea Pweto na ziwa Moero. Hayo yamo katika kila ramani. Yale aliyonipa mama wa samaki hayamo. Aliniambia kijiji gani wavuvi wanaleta mzigo barabarani kwa pikipiki, njia gani inafuata mto na ipi inakaa juu, wapi daraja la miti limebadilishwa magogo baada ya mvua. Anajua kwa sababu pesa yake inapita hapo. Akikosea, samaki wanaoza.

Kuna namna ya kuuliza. Ukimuuliza mtu njiani, "Njia iko muzuri?" atakujibu kwa moyo mwema kwamba iko nzuri sana. Hadanganyi. Yeye anapita na kinga, au kwa miguu, na kwake ni nzuri. Uliza hivi, mutoka ikiwa ni gari kwa Kiswahili cha huku: "Mutoka ya mwisho ilipita siku gani?" Hapo atafikiri, atamwita mwenzake, watabishana kidogo, na jibu litakuwa na uzito: lori la makala lilipita juzi, au lori halijapita tangu mvua zianze. Uliza pia lilikuwa gari la namna gani, na kama lilirudi. Hilo la kurudi ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Na kabla ya hayo yote, salimu. Zima injini, shuka, wape wazee mikono. Kijiji unachopita ni nyumbani kwa watu, na shefu wa kijiji ana haki ya kujua ni nani anayeingia na anatafuta nini. Nimeona milango mingi ikifunguka kwa sababu tu tulikaa robo saa tukinywa maji na kueleza kwamba tumekuja kuangalia nchi, hatutafuti madini.

Madini, ndiyo. Katanga ndiko yaliko, na kila gari geni linalozunguka vichakani linadhaniwa la watafuta madini. Eneo kubwa kutoka hapa mpaka Likasi na Kolwezi limegawanywa katika vipande vya leseni za uchimbaji, na njia nyingi nzuri, pana, zilizonyooshwa na katapila, ni za makampuni. Hizo usiziguse hata kama hakuna mlinzi mlangoni. Lakini ardhi ya shaba ina zawadi yake kwa msafiri. Mara mojamoja msitu unakatika ghafla na unajikuta kwenye uwazi wa mviringo au mteremko usio na mti hata mmoja, nyasi fupi tu na maua madogo. Hakuna aliyekata miti hapo. Udongo una shaba nyingi kiasi kwamba miti haiwezi kuota, na mimea michache iliyozoea sumu hiyo imepata makao. Mmoja wao, Haumaniastrum katangense, unajulikana kwa jina la ua la shaba, na watafutaji wa madini waliutumia kama dalili. Baadhi ya mimea hiyo haioti popote pengine duniani, na machimbo yanaendelea kuila ardhi yake. Nikifika mahali pa namna hiyo naacha gari kwenye njia na kutembea. Gurudumu halina kazi pale.

Njia za makala zinahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndizo nyingi kuliko zote na ndizo zinazomponza mgeni. Wachoma makala wanaingia msituni, wanakata miti, wanaipanga lundo, wanaifunika kwa majani na udongo, kisha wanaiunguza taratibu siku nyingi bila hewa ya kutosha ili isigeuke majivu. Lori linakuja kuchukua magunia na kwa kuja kwake linatengeneza njia. Miti ya karibu ikiisha wanasogea mbele, na njia inasogea nao. Baada ya misimu michache ya mvua kipande cha nyuma kimefunikwa na machipukizi ya miombo. Picha ya setilaiti uliyoiona ni ya mwaka gani? Mistari iliyochorwa na watu wa kujitolea kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni, ilichorwa kutokana na picha ya lini? Nimefuata mstari safi kabisa kwenye simu ukaniingiza katika ukuta wa miti midogo yenye urefu wa mtu. Upande wa pili, nimefuata njia nzuri inayopitika ambayo haipo kwenye programu yoyote. Zaidi ya hapo, miti iliyokatwa inaacha visiki, na visiki vimejificha ndani ya nyasi. Kisiki cha miombo kilichokatwa kwa panga kina ncha, na hakitoboi tairi kwenye uso unaogusa ardhi, ambako fundi anaweza kuziba; kinapasua ubavu, na tairi limekwisha. Kwenye njia ya makala sitoki nje ya mistari ya magurudumu hata kidogo, hata kumpisha mtu. Naona bora nirudi nyuma.

Jifunze kusoma hiyo mistari. Kinga inaacha mfereji mmoja mwembamba, uliolainika katikati ya njia. Pikipiki inaacha mmoja mpana zaidi, unaoyumba. Lori linaacha miwili, na nyasi za katikati zimenyolewa na tumbo la gari. Ukiona nyasi za katikati zimesimama na mbegu zake bado ziko juu, jua hakuna gari lililopita tangu zilipokomaa. Upana wa magurudumu ya lori umezidi ule wa Land Cruiser, hivyo huwezi kuweka magurudumu yako yote mawili ndani ya mifereji yake. Moja litaingia, jingine litapanda tuta, na gari litalala upande. Chagua upande ulio mbali na mti.

Ramani za zamani nazo usizidharau. Comité Spécial du Katanga, lile shirika la kikoloni lililoanzishwa mwaka 1900 kuitawala ardhi hii, lilipima na kuchora Katanga kwa kipimo cha 1:200,000, na baadhi ya karatasi hizo zinapatikana zikiwa zimepigwa picha. Vijiji vingi vimehama au vimebadili majina. Mito na madembo hayajahama. Njia zilizochorwa juu ya migongo ya ardhi, kati ya dembo na dembo, mara nyingi bado zipo chini ya njia za leo, kwa sababu mtu yeyote mwenye mzigo, wa zama zozote, anatafuta mahali pakavu. Mimi huweka ramani hiyo na picha ya setilaiti pamoja, kisha napeleka zote mbili kwa yule papa jirani anisahihishe.

Kuna njia mbili zaidi ambazo mgeni anaweza kuzitumia kujifunzia. Moja ni ile inayoenda chini ya nyaya za umeme mkubwa. Bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira limekuwa likitoa umeme tangu 1930, na chini ya nyaya ndefu kama zile zinazotoka huko msitu hukatwa ili wafanyakazi waweze kupita. Nyasi huota, madembo hukatiza, lakini huwezi kupotea: nguzo zipo juu ya kichwa chako. Pili ni njia zinazoambatana na reli. Reli ilifika hapa kutoka kusini mwaka 1910, mwaka uleule mji ulipoanzishwa, na wajenzi wake walitafuta mteremko mpole na ardhi isiyozama. Hawakutaka dembo, na wewe hutaki dembo.

Sasa Kundelungu, maana kila anayehamia hapa anaulizia Lofoi. Mto Lofoi unaanguka kutoka ukingo wa uwanda wa Kundelungu, zaidi ya mita 300 kwa mruko mmoja, katika hifadhi ya taifa iliyoanzishwa 1970. Uwanda wenyewe unazidi mita 1,600. Juu yake miti inaisha na nyasi zinatanda mpaka macho yachoke, na asubuhi za Juni baridi ni kali kiasi kwamba watoto wangu hawakuamini kuwa bado tupo Katanga. Ugumu wa Lofoi ni wa majira. Maporomoko yamejaa wakati wa mvua, na wakati wa mvua njia inajifunga. Ukienda Septemba njia ni kavu na vumbi, lakini maji yamebaki utepe mwembamba unaopeperushwa na upepo kabla ya kufika chini. Wakati wangu ni mwezi wa Mei. Mvua zimekwisha, matope ya mabondeni yameanza kushikana, na mto bado una nguvu. Nyasi ndizo kikwazo cha mwezi huo. Zimefika juu ya boneti, mbegu zake zinaziba rejeta mpaka injini inachemka, na majani makavu yanajikusanya chini ya gari kwenye bomba la moshi, na magari yameungua hivyo. Funga wavu wa mbu mbele ya rejeta. Simama kila baada ya muda, lala chini, toa nyasi kwa mkono. Weka dumu la maji mahali unapoweza kulifikia mara moja, si chini ya mizigo. Na uingie kwa utaratibu wa hifadhi, kwa kupitia Taasisi ya Congo ya Uhifadhi wa Mazingira, ICCN, kwa sababu walinzi wake ndio wanaojua njia ipi iko wazi.

Njia ninayoipenda kuliko zote haina maporomoko. Ni ya Bunkeya, kaskazini mwa Likasi. Hapo ndipo Msiri alipoweka makao yake, yule mfanyabiashara aliyekuja kutoka upande wa Tabora katika karne ya 19 na kuwa mtawala wa nchi kubwa, mpaka alipopigwa risasi na watu wa msafara wa kapteni Stairs, uliotumwa kwa niaba ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, tarehe 20 Desemba 1891. Kutoka Bunkeya misafara ilibeba shaba na pembe za ndovu kwenda mashariki, mpaka pwani ya Bahari ya Hindi, na watumwa pia walipita humo, jambo ambalo sitaki kulipita haraka. Watu waliburutwa kwenye njia hizi. Ninapoendesha katika bonde la Lufira nawaza miguu iliyoukanyaga mgongo huu wa ardhi kabla ya gurudumu lolote, na kwamba shaba bado inatoka kwenye nchi hii ikielekea bahari ileile, sasa ikiwa juu ya malori yanayopanga foleni Kasumbalesa. Kwa mtu anayeuliza kule wanatoa nini, Bunkeya ni mahali pa kukaa na kutafakari.

Jambo la mwisho kuhusu adabu, na hili nalishikilia kwa nguvu. Njia ya porini si uwanja wetu wa kuchezea. Baada ya mvua kubwa, kwenye barabara nyingi za udongo za Congo, kizuizi kinashushwa na magari yanasubiri saa kadhaa mpaka ardhi ikauke. Wengi wanakasirika, wengine wanatoa pesa ili kipandishwe. Msitoe. Gari la tani mbili na nusu likipita kwenye udongo laini linaacha mfereji unaofika gotini. Jua likiuchoma, mfereji huo unakauka ukawa mgumu, na anayeteseka si wewe uliyesharudi mjini. Ni yule wa kinga, mwenye magunia yake, atakayelazimika kuinua mzigo mzima kwa mabega kila anapokutana nao, msimu wote. Hakuna picha ya gari lililojaa matope inayostahili hilo. Mimi kuanzia katikati ya Desemba mpaka Machi nabaki kwenye njia za mchanga na changarawe tu, na madembo nayaacha kabisa.

Vivyo hivyo kwenye madaraja. Daraja la miti shuka ulitembee kwanza, uguse kila gogo kwa mguu, uangalie chini kama mwisho wa gogo umekaa kwenye ardhi au unaning'inia. Magogo yakiwa yameachana, yasogeze yafuate magurudumu yako, na ukishavuka uyarudishe yafuate ya lori. Vijana wakija kukusaidia, au ukikuta kijiji kilifanya salongo, kazi ya pamoja, kujaza mashimo na wanaomba kitu kidogo, toa bila kununa. Ndio wanaoitunza njia unayoifurahia, na mara nyingi hakuna mwingine anayeitunza.

Vifaa sitavirefusha. Matairi mawili ya akiba, si moja, kwa sababu ya visiki. Pampu ya upepo, ili uweze kushusha matairi mpaka bar 1.4 kwenye mchanga na kuyarudisha ukifika kwenye mawe. Jembe, panga, koleo, mbao mbili nene za kuweka chini ya jeki, maana jeki bila mbao inazama kwenye dembo badala ya kuinua gari. Kamba imara na mahali imara pa kuifunga. Mtu mwingine mwenye gari lingine, ukiweza. Mazuti, yaani dizeli, ya kutosha kurudi bila kutegemea kuyapata mbele. Gari langu linakula kama lita 14 kwa kilomita 100 kwenye udongo mzuri, na kwenye gia za chini, matopeni, linapita 20.

Mvua zikiisha tunataka kwenda kwenye maporomoko ya Kiubo ya mto Lufira, mbali zaidi kaskazini, kwenye njia ya Mitwaba. Upande wa Mitwaba uliteswa miaka mingi na makundi yenye silaha ya Bakata-Katanga, kwa hiyo huko siendi kwa kutegemea kumbukumbu ya mtu wala taarifa ya mwaka jana. Nimeshaanza kuuliza madereva wanaopeleka bidhaa madukani huko. Wawili wanasema njia imetulia na malori yanapita kila wiki. Wa tatu anasema tusubiri Juni, kuna daraja moja ambalo bado halijawekewa magogo mapya, na yeye mwenyewe ana mzigo wa saruji unaosubiri daraja hilo. Tutamfuata yeye.